BINTI SULTANI KWENYE BARIDI YA HAMBURG: KISA CHA BIBI SALME NA SOMO KWA WADAU MNAOJIANDAA KWENDA MAJUU

Naomba tuweke kando siasa na mpira kidogo. Nataka kuwasimulia maisha ya mama mmoja wa hapa hapa kwetu pwani, aliyefariki miaka zaidi ya 100 iliyopita. Halafu tuongee kuhusu jambo ambalo vijana wengi hatulitilii maanani mpaka lishatupiga, yaani baridi kali ya majuu na namna ya kujiandaa nayo.

Mimi ni mkazi wa Upanga, na Upanga na ughaibuni ni kama chanda na pete. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, familia nyingi za Kihindi za mitaa hii zilifunga mizigo zikaenda Uingereza na Kanada. Siku hizi ni zamu ya kila mtu. Ukipita kwenye stesheneri na intaneti kafe kuanzia Upanga mpaka Kariakoo, hukosi kijana anayeskani vyeti au anayejaza fomu ya chuo. Maswali yao nayajua kwa kichwa: viza itatoka lini, tiketi ya ndege ipi ni rahisi, hosteli ni bei gani, kazi zipo? Swali la hali ya hewa halimo. Ukimuuliza mtu atakujibu, aah, nitanunua koti huko huko.

Sasa huyu mama ninayetaka kumsimulia hakuwa mlalahoi. Alikuwa binti wa mfalme, alijua kusoma na kuandika, mume wake alikuwa tajiri. Na bado baridi ilimkuta hana hili wala lile, kwa sababu hakuwepo wa kumfundisha. Twende taratibu.

BIBI SALME NI NANI?

Kwa wale wasiomfahamu, Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, lile ambalo magofu yake yako pembeni ya bahari kaskazini ya mjini. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyehamishia makao yake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi kutoka upande wa milima ya Kaukasi, aliyeletwa kama suria. Nyumba ya Sultani ilikuwa na masuria wengi na watoto makumi, kwa hiyo Salme alikulia kwenye kaya yenye watu kama kijiji kizima.

Wadau wa Dar mtafurahi kusikia kwamba tuna udugu naye. Kaka yake aliyempenda sana, Sayyid Majid, ndiye aliyeuanzisha mji wetu huu miaka ya 1860 pale palipokuwa kijiji cha Mzizima, akauita Bandari ya Salama. Kwa hiyo tukisema Dar es Salaam, tunataja kazi ya kaka yake Bibi Salme.

Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi kutoka kwenye msahafu. Huo ujuzi ulimponza mapema. Baba yake alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, na mwaka 1859 ukazuka ugomvi wa kugombea kiti, Barghash akitaka kumpindua Majid. Salme akiwa na miaka 15 hivi alivutwa upande wa Barghash, akawa ndiye mwandishi wa barua zao. Mapinduzi yakashindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na binti akabaki katikati ya ndugu wasioaminiana. Mwaka huo huo mama yake naye alifariki kwa kipindupindu.

MTOTO WA PWANI ANAJUA HALI YA HEWA YA KWAO

Hapa nataka kuweka jambo moja sawa. Msifikiri Salme alikuwa hajui chochote kuhusu hali ya hewa. Mtoto wa pwani anazijua pepo kabla hajajua kuhesabu. Anajua kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, anajua kusi inayarudisha. Anajua masika ikikaribia paa la makuti lazima lizibwe, anajua kipupwe ni wakati wa shuka zito usiku, anajua nahodha hang'oi nanga bahari ikichafuka. Hayo hakuna aliyemwandikia kwenye karatasi. Alizaliwa akayakuta, bibi anamwambia mama, mama anamwambia mtoto.

Tatizo ni kwamba elimu ya namna hiyo haifai ukihama. Unaibeba kichwani lakini huko uendako haina kazi, ni sawa na kwenda na shilingi kwenye duka linalotaka yuro. Na mbaya zaidi, wenyeji wa huko hawakuambii ya kwao, kwa sababu kwao ni jambo ambalo kila mtu analijua tangu utotoni. Nani atahangaika kumweleza mtu mzima kwamba nje akitoka na nywele mbichi ataumia?

SAFARI YA MWAKA 1866

Salme akiwa mjini Unguja alifahamiana na jirani yake, kijana mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba zilikuwa karibu karibu, na mapenzi hayana pazia. Akapata ujauzito. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, kuzaa na Mkristo nje ya ndoa kwa wakati ule kilikuwa kitu cha kuhatarisha maisha. Agosti 1866 usiku alitoroshwa kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akapelekwa Aden.

Aden alijifungua mtoto wa kiume Desemba 1866, lakini mtoto huyo alifariki mwaka uliofuata akiwa bado mchanga. Mei 1867 Ruete akamfuata, Salme akabatizwa na kuitwa Emily, wakafunga ndoa siku hiyo hiyo na kuanza safari ya Ulaya. Walifika Hamburg mwezi wa sita.

Wadau, hapo kwenye mwezi wa sita ndipo pa kusimama. Juni kule ni majira ya joto. Hamburg iko nyuzi 53 na nusu kaskazini ya ikweta, wakati Unguja iko nyuzi 6 tu kusini. Juni jua la Hamburg linakaa angani saa 17 kwa siku, miti ya kijani, watu barabarani. Mgeni akifika wakati huo anasema, kumbe Ulaya yenyewe ndio hii? Halafu Septemba inaingia, Oktoba majani yanadondoka, ikifika Desemba mwanga wa mchana ni saa saba na nusu tu kwa siku. Unaamka giza, unarudi nyumbani giza. Wastani wa Januari pale ni nyuzi 1 au 2 za sentigredi, na siku mbaya zinashuka chini ya sifuri. Sisi hapa Dar mwezi wa saba usiku ukifika nyuzi 18 tunatafuta masweta!

Na msifananishe nyumba za wakati ule na za leo. Hakukuwa na mabomba ya joto ya kuzunguka kila chumba. Joto lilitoka kwenye jiko la makaa la chumbani, ukitoka kwenda ukumbini au chooni unakutana na baridi ya nje imeingia ndani. Mtu aliyezoea baraza, madirisha wazi na upepo wa bahari, ghafla anafungiwa ndani kwa miezi mitano na moshi wa makaa ya mawe. Barua alizoandika kuhusu maisha yake ya Ulaya, ambazo zilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, zimejaa upweke na hamu ya kwao.

TAHADHARI ZILIKUWEPO, LAKINI SIO KWA AJILI YAKE

Kitu kinachonishangaza ni hiki. Hamburg ya miaka ile ilikuwa moja ya miji iliyotangulia duniani kwenye mambo ya hali ya hewa. Mwaka 1868, mwaka mmoja tu baada ya Salme kufika, ilianzishwa pale taasisi ya mambo ya bahari, Norddeutsche Seewarte, na mwaka 1875 ikawa taasisi ya taifa zima la Ujerumani, kazi yake mojawapo ikiwa kuonya kuhusu dhoruba. Uingereza ilishaanza kutuma tahadhari za dhoruba kwa telegrafu tangu 1861, kazi ya Admirali Robert FitzRoy.

Lakini tahadhari hizo ziliwalenga nani? Manahodha na wenye meli. Mali ya matajiri ilikuwa baharini, hivyo bahari ndiyo iliyolindwa kwanza. Mama mgeni mwenye watoto wadogo, asiyekijua Kijerumani vizuri, hakuna aliyemtundikia bendera bandarini kumwambia wiki ijayo weka makaa ya kutosha na wafunike watoto vichwa. Elimu ya hali ya hewa kwa raia wa kawaida, hii tunayoiona leo kwenye redio, runinga na simu, ilikuja baadaye sana.

MWAKA 1870

Bibi Salme alizaa watoto watatu Hamburg: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said 1869 na Rosalie Aprili 1870. Halafu mwaka huo wa 1870 ukaja na mambo matatu mfululizo.

Agosti, mume wake alipata ajali wakati anashuka kwenye tramu, zile za wakati ule za kuvutwa na farasi. Alifariki siku chache baadaye. Salme akabaki mjane wa miaka 25, mtoto wa mwisho hajafika hata miezi minne.

Oktoba, kule Unguja kaka yake Majid naye akafariki, na aliyekalia kiti ni Barghash. Huyo ndiye yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za siri akiwa binti mdogo. Mngetegemea atamkumbuka. Hakumkumbuka. Kwa Barghash, dada aliyetoroka na kubadili dini hakuwa na haki ya urithi, na msimamo huo hakuubadilisha mpaka anakufa mwaka 1888.

Halafu baridi ikaingia. Majira ya baridi ya 1870 kuingia 1871 yalikuwa makali sana Ulaya. Ujerumani na Ufaransa walikuwa vitani, na watu wa Paris waliozingirwa walifikia kukata miti ya mjini kwa ajili ya kuni. Hebu mjiweke kwenye nafasi ya mama huyu. Baridi kama ile inakukuta mume hayupo, kipato kimekatika, watoto watatu chini ya miaka mitatu, lugha hujaimudu, na nyumbani mlango umefungwa. Jina la ufalme halichemshi maji, jamani.

Baada ya hapo ni kuhamahama. Aliondoka Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingine akitafuta maisha ya gharama nafuu, akifundisha lugha ili watoto wale. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Mwaka 1885 na 1888 alirudi kuiona Unguja. Safari ile ya kwanza alikuja pamoja na manowari za Kijerumani, Bismarck akimtumia kama karata kwenye mchezo wake wa kumbana Sultani. Urithi hakupata.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 akahamia Jaffa, kisha Beirut ambako aliishi mpaka 1914. Tazameni ramani: yote ni miji ya bahari na jua. Mwaka 1914 akarudi Ujerumani, na uzeeni ndipo Serikali ya Zanzibar, enzi za Sultan Khalifa bin Harub, ilipomkubalia posho ndogo. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924 akiwa na miaka 79. Februari ni katikati ya baridi, na kilichomuua ni nimonia. Akazikwa Hamburg kwenye makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote hiyo.

SIO MALAIKA

Msije mkasema nampamba. Bibi Salme alimiliki watumwa, na kwenye kitabu chake aliutetea utumwa wa kwao na kuwasema vibaya Waafrika weusi. Hamburg walitoa jina lake kwa uwanja mmoja wa mjini mwaka 2019, halafu likaondolewa baada ya watu kulalamika kuhusu maneno hayo. Wako waliopika, waliofua na waliopepea kwenye lile jumba la Mtoni ambao majina yao hatutayajua kamwe. Tukimsoma tumsome mzima mzima. Lakini hilo la baridi linabaki pale pale, maana baridi haichagui aliyetenda mema na aliyetenda mabaya.

SASA TUJE KWETU: ELIMU AMBAYO YEYE HAKUIPATA

Tofauti ya Bibi Salme na wewe mdau unayesoma hapa ni kwamba yeye hakuwa na wa kumuuliza. Wewe unaye, tena bure. Idara za hali ya hewa na za maafa za Kanada, Marekani, Uingereza na Ujerumani zinatoa mafunzo kila mwaka kabla ya baridi. Nimekusanya yale ya msingi, kwa lugha yetu.

1. Nguo ni tabaka, sio koti moja nene. Ya ndani kabisa iwe inayokausha jasho. Pamba ni nzuri Kariakoo, lakini kwenye baridi kali pamba ikilowa inabaki na maji na kukupoza. Katikati vaa sufu au sweta zito. Nje vaa koti lisilopitisha upepo wala maji. Kofia inayofunika masikio, glavu na skafu sio urembo. Na kwa taarifa yenu, makoti mazito ya mitumba pale Karume na Ilala huwa hayagombaniwi, maana nani anayataka Dar? Nunua moja kabla hujaondoka ili ushuke nalo kwenye ndege, mengine utatafuta huko. Mtu anayefika Januari na fulana akitegemea kununua koti mjini, lazima kwanza afike huko mjini.

2. Viatu. Soli iwe yenye meno ya kushika barafu, na ndani pawe na nafasi ya soksi nene. Kiatu kinachobana kinazuia damu, vidole vinaganda haraka. Kwenye barafu tembea kama bata, hatua fupi, mikono isiwe mfukoni.

3. Usisome nyuzi tu, soma na upepo. Watabiri wa kule wanatoa namba mbili: baridi yenyewe, na jinsi mwili unavyoihisi upepo ukivuma. Kwa kipimo cha Kanada, hiyo namba ya pili ikifika kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Huo ni muda wa kusubiri basi moja.

4. Jua dalili. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 ni hatari. Mtu anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, anaangusha vitu, anachanganyikiwa kama mlevi. Akiacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, msifurahi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mwingizeni ndani, mvueni nguo mbichi, mfunikeni kuanzia kifuani, piteni simu ya dharura. Kidole kikiwa cheupe au kijivu na hakina hisia, usikisugue na usikiweke kwenye moto. Tumia maji ya uvuguvugu, halafu hospitali.

5. Pombe haiongezi joto. Inakudanganya. Inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto huku joto la ndani linatoka. Kila mwaka watu wanatoka baa usiku, wanakaa chini kidogo kupumzika, hawaamki.

6. Usiwashe jiko la mkaa ndani. Hili narudia: USIWASHE JIKO LA MKAA NDANI. Wala jenereta, wala gari kwenye gereji. Mkaa unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unalala nayo unaamkia kaburini. Februari 2021 jimbo la Texas, ambalo limezoea joto, lilipigwa na dhoruba ya theluji, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Wengi walikufa kwa baridi, na wengine ni kwa sumu hiyo hiyo wakijaribu kupata joto. Na hao ni wenyeji, wenye runinga na simu. Kwenye nyumba utakayopanga uliza kama kuna kile kifaa cha king'ora kinachonusa hewa hiyo.

7. Weka akiba ya siku tatu. Serikali ya Kanada inawaambia raia wake wawe na vitu vya kujitegemea kwa saa 72: maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi na betri, dawa zako, blanketi, simu iliyojaa chaji. Mwenye gari aongeze sepeto, blanketi na maji, na gari likikwama kwenye theluji bomba la moshi lazima liwe wazi kabla hajawasha injini.

8. Giza nalo ni hali ya hewa. Miezi ya jua kidogo inaleta unyonge, usingizi usioisha, kutokutaka kuona watu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mwili unapata shida zaidi kutengeneza vitamini D kwenye jua dogo. Uliza daktari wa chuoni au wa mtaani kwenu. Toka nje mchana hata nusu saa. Usijifungie ukidhani umelogwa.

NA WEWE UNAYEBAKI BONGO JE?

Kuna mdau atasema, mimi siendi kokote, hayanihusu. Yanakuhusu. Nenda Makete, Njombe, Mafinga, Lushoto kule juu mwezi wa sita na wa saba uone. Kwenye uwanda wa Kitulo barafu inadondokea viazi vya watu. Kwenye mikoa hiyo watu hulala na jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, na familia huzimika humo humo. Kijana wa Upanga anapangiwa chuo, kazi au JKT nyanda za juu, anaenda na shuka moja. Na wapagazi wetu wa Kilimanjaro wanaowabebea wageni mizigo, wapo waliokufa kwa baridi mlimani huku mgeni mbele yao amevaa makoti mawili.

Hata joto letu lina dhoruba zake. Tarehe 15 Aprili 1872, Salme akiwa Ujerumani, kimbunga kiliipiga Unguja bila onyo, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu mingi ya kisiwa. Hakuna aliyejua kinakuja. Sasa linganisheni na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, walitangaza siku kadhaa kabla, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wakae nchi kavu. Madhara yalikuwepo, lakini watu walijua. Sisi wa Upanga na Kariakoo tunalijua vizuri bonde la Jangwani. Desemba 2011 mafuriko ya Msimbazi yaliua watu na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Kila mwaka taarifa zinatoka, na kila mwaka yupo anayesema hao TMA waongo tu.

Mimi naona kosa letu ni kudhani tahadhari ni maneno ya kutisha watu. Tahadhari ni heshima, wadau. Ni mtu kukuhesabu kwamba na wewe ni wa kuambiwa. Hamburg ya 1868 iliwahesabu wenye meli tu. Leo tunahesabiwa wote, halafu sisi wenyewe tunazima redio.

Hivyo basi, yule anayeondoka mwaka huu, kabla ya kulipia tiketi andika mambo matatu kwenye karatasi: baridi ya mji ule inashuka mpaka ngapi, nyumba utakayokaa inapashwa joto na nini na nani analipa bili, na namba ya dharura ya nchi hiyo ni ipi. Ukishayajua hayo umemzidi binti Sultani.

Nanyi wadau mlioko Toronto, Minneapolis, Leicester, Oslo na kwingine kwenye majokofu hayo, tupieni maoni hapo chini. Baridi yenu ya kwanza mlijifunza nini ambacho hakimo kwenye hii orodha? Andikeni kwa Kiswahili chepesi, kuna mdogo wenu Kariakoo anasoma kwa muda wa kulipia na dakika zake zinakwisha.

Naomba kuwasilisha.